Kitambaa Cheusi cha Uwanja wa Gofu

Kila asubuhi kabla ya kutoka, baba alijinusa mkono. Alianzia kwenye kiwiko akashuka taratibu mpaka kwenye kucha, macho ameyafumba, kama mtu anayeonja mchuzi. Hapo alikuwa amekwisha kujipaka mafuta yake, aliyoyapika mwenyewe kwa majani ya mchaichai, tumbaku na mafuta ya karanga. Kama bado alisikia harufu ya ngozi yake chini ya ile dawa, alirudia kujipaka. "Nikijinusa mwenyewe, na mbung'o ataninusa," alisema. Kisha alimwita mama amfunge kitambaa.

Kitambaa chenyewe kilikuwa cheusi, kizito, kimepakwa ulimbo, ule utomvu ambao watoto hunasia ndege. Kilining'inia kutoka mabegani mpaka nyuma ya magoti. Chini yake baba alivaa kipande cha turubai, ili mbung'o, yule nzi wa porini anayeuma, akitua asifikishe mdomo mgongoni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Wazungu wa mgodi mmoja wa nje ya Mpanda walipokwenda kucheza gofu, baba alitangulia mbele yao hatua kumi hivi, na mbung'o wakamwandama yeye.

Jina lake lilikuwa Thadei, Mkonongo wa upande wa Inyonga. Kabla ya mgodi alikuwa mrina asali. Aliweza kusimama mbali na mti akakuambia nyuki wanaingilia tawi gani, wakati wewe hata huo mti unauona kwa shida. Macho hayo ndiyo yaliyompa kazi. Mwanzo aliajiriwa kutafuta mipira iliyopotea, maana uwanja wenyewe ulikuwa msitu uliofyekwa tu, na pale penye shimo palimwagwa mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari ili upepo usiupeperushe. Mpira ukipotoka kidogo umeingia porini, na porini ndiko kwa mbung'o.

Aliyebuni kitambaa alikuwa mzungu mmoja fundi wa mashine. Watu walimwita Bwana Taulo, kwa sababu alicheza amevaa taulo lililoloweshwa maji chini ya kofia, limemfunika shingo. Mwaka wake wa kwanza shingo hiyo iliungua na jua mpaka ikachubuka kama kiazi cha kuchemsha. Bwana Taulo ndiye aliyeona kwamba mbung'o anapenda rangi nyeusi, hasa ikiwa inatembea. Yeye na wenzake wakavaa nyeupe na kaki, mikono mirefu, soksi mpaka magotini. Nyeusi akapewa baba.

Baba hakuiona kuwa ni dharau. Aliipenda kazi ile. Wazungu wageni wakishuka kwenye garimoshi na kuja uwanjani na kaptula fupi, yeye ndiye aliyewafundisha.

"Bwana, hiyo shati ya bluu hapana. Bluu na nyeusi ni ndugu." Au alimwambia mke wa mhasibu, "Memsabu, usingoje zamu yako chini ya mti huo. Unakimbia jua, unaingia sebuleni kwa mbung'o." Na alikuwa na neno lake alilowaambia wote: "Jua lina saa zake, mbung'o ana saa zake. Wakikutana, mwenye akili yuko kwake anakunywa chai." Wakamsikiliza. Wakaanza kucheza mapema, na saa tatu ikifika walirudi.

Mwenzake pale uwanjani alikuwa Selestini, Mfipa, aliyebeba mfuko wa fimbo za Bwana Taulo na mwavuli wake. Wafipa, wanaosemwa kuwa wanajua kutuma radi, ni watani wetu. Nyumbani hakuna aliyemwita kwa jina, tulimwita Mtani tu. Yeye aliingia bila hodi akafunua chungu.

"Mke wa mbung'o yupo?" alimwuliza mama kila alipofika, akimaanisha baba.

"Yupo, anakungoja umwoshe miguu."

"Nitamwosha siku ya kumzika, shemeji. Maiti ya Mkonongo huoshwa mara mbili, asali imeganda mpaka masikioni."

Baba alijibu kutoka ndani, "Na wewe nani atakuosha? Ukifa watu watakimbia, wataogopa radi uliyoificha kwapani."

Hivyo ndivyo walivyotukanana miaka minne. Siku Mtani alipokosa kuja, baba alikula kidogo.

Kulikuwa na jambo moja baba alilolikimbia, nalo ni sindano. Zamani, kabla sijazaliwa, serikali iliwatoa watu kwenye vijiji vya porini ikawakusanya mahali pamoja kwa ajili ya malale. Malale ni ugonjwa anaouleta mbung'o. Mtu anasinzia mchana, anakesha usiku, akili inapotea, na asipotibiwa anakufa. Bibi yangu mzaa baba alikutwa nao. Akachomwa sindano nyingi. Malale yakatoka, lakini macho nayo yakatoka. Aliishi miaka sita akishikwa mkono na baba, aliyekuwa kijana mdogo, kwenda chooni, kwenda kanisani, kwenda kuota jua.

"Dawa ile haichagui," baba alituambia. "Inatoa ugonjwa, inatoa na macho." Siku moja alisema kwamba yeye afadhali afe anaona. Mama akamkaripia, akamwambia asitamke maneno hayo mbele ya mtoto.

Mwaka wa hamsini na tano, mwezi wa kumi na moja, mvua zilichelewa na mbung'o walikuwa wengi kuliko nilivyopata kuwaona. Kuwatoa kitambaani kwa kijiti ilikuwa kazi yangu baba akirudi. Siku hiyo nilikuwa naendelea na kazi hiyo, naye akainama mbele yangu.

"Mama," akaniambia, kama alivyozoea kuniita mimi binti yake, "hebu nitazame nyuma ya sikio. Panawasha."

Niliona uvimbe mgumu, ngozi imekaza inang'aa, katikati pana doa. Palikuwa pale pale ambapo kamba ya kitambaa ilimpita kila siku na jasho likaosha mafuta. Nikamweleza jinsi ulivyo. Akapapasa kwa kidole.

"Ni jipu," akasema.

"Jipu lina usaha, baba."

"Nimesema jipu. Na mama yako asisikie, atanisumbua."

Sikusema kwa mtu. Mimi si msemaji, na baba ni baba.

Uvimbe ulipona wenyewe kabla ya Krismasi. Zikaja homa. Akanywa kwinini, zikaondoka, zikarudi. Kichwa kilimwuma, akawa anafunga kitambaa cha mama kukikaza. Halafu usingizi.

Habari ya usingizi tuliletewa na Mtani, akicheka kabla hajafika mlangoni. "Njooni msikie! Leo mke wa mbung'o amelala amesimama. Kashika bendera ya shimo la saba, macho yamefumba. Bwana Taulo anapiga mpira, pa! Unampiga gotini. Hakuamka!"

"Uongo," mama akasema, lakini alikuwa anacheka.

"Muulize mwenyewe. Shemeji, mpunguzie pombe ya asali. Mkonongo akinywa wiki moja analala mwezi."

"Wivu," baba akasema. "Mfipa hana hata mzinga mmoja."

Tukacheka wote. Lakini mimi niliona kitu. Baba alicheka baada yetu, sisi tukiwa tumekwisha kunyamaza, kama mtu aliyeletewa kicheko kutoka mbali.

Tangu siku ile ikawa ndiyo mzaha wa uwanja mzima. Wachukuzi wa fimbo walimpigia makofi akisinzia. Wapita njia walimwuliza kama asali ya mwaka huu imekolea. Kwa mtu mwingine wangesema anaumwa. Kwa baba, kwa kuwa mtani wake alikwisha kusema ni pombe, ikawa pombe.

Mwezi wa pili akaja dresa mpya, yaani mganga msaidizi wa dispensari. Akatangaza kwamba wote wanaoingia porini kwa kazi watatobolewa kidole, damu yao itazamwe kwa hadubini kama ina malale. Kila mtu aje na kipande chake, ile kadi ya kazi yenye jina. Wachukuzi wa fimbo hawakuhusika, maana wao hawakuingia porini.

Jioni ile baba hakugusa ugali. Mtani akaja, akamtazama.

"Umenuna kama mtu aliyefiwa na mzinga."

"Kesho tunatobolewa."

"Pini ile? Haiui hata chawa."

"Wakiona kitu watanipeleka," baba akasema. "Unajua ya mama yangu."

Mtani akapiga goti lake kwa kiganja, akacheka. "Mwanamume mzima! Lete kipande. Dresa mwenyewe ni mgeni, hamjui Thadei wala Selestini. Nitampa damu ya Kifipa, aone damu safi maishani mwake."

"Nyie, msicheze na kazi za serikali," mama akasema.

"Shemeji, mimi ni mtani wake. Kama siwezi kumtolea kidole kimoja, jeneza lake nitaliweza?"

Yeye alidhani baba anaogopa pini. Mama naye alidhani hivyo hivyo. Mimi nilikuwa jikoni napuliza moto. Nilijua kulikuwa na uvimbe, na neno lilikuwa limefika mdomoni. Nikainua macho. Baba alikuwa ananitazama mimi, si Mtani. Nikainama nikapuliza moto uliokwisha kuwaka.

Akampa kipande.

Baada ya siku nne majibu yalisomwa mbele ya dispensari. "Thadei, safi." Mama alichinja kuku. Mtani alikula firigisi, ambayo si haki yake, akasema kuanzia leo baba ana damu ya Kifipa kwenye daftari, kwa hiyo amsalimie kwa kupiga magoti. Baba alipiga magoti kweli, watu wakacheka, akashindwa kuinuka. Wakacheka zaidi. Mtani ndiye aliyemshika kwapa akamwinua, na nilimwona Mtani akikunja uso kidogo, kama aliyebeba mzigo akaukuta mwepesi kuliko alivyotegemea.

Mwezi wa tatu mambo yakaharibika. Baba aliacha kujipaka mafuta. Mama akimpaka, alimwuliza ni ya nini. Uwanjani alitangulia hatua kumi, kisha ishirini, kisha akashika njia ya mtoni akaendelea kwenda tu na kitambaa chake mgongoni, na mbung'o wakawaangukia wachezaji. Mara ya kwanza Bwana Taulo alipiga kelele. Mara ya pili alimfuata mwenyewe, akamshika bega akamrudisha polepole. Akauchukua mwavuli wake akampa baba akae nao kivulini. Baba aliushika ukiwa umefungwa, akakaa juani mpaka mchezo ukaisha.

Nyumbani mikono ilimtetemeka, tonge likaanguka kabla ya kufika mdomoni. Alimpiga mama kofi kwa ajili ya chumvi, yeye ambaye hajawahi kumpiga mtu, halafu akalia kama mtoto, akamwuliza nani amempiga mke wake.

Bwana Taulo alimpeleka kwa dresa. Dresa akafungua daftari, akaweka kidole kwenye jina. "Huyu tulimpima mwezi uliopita. Damu yake safi. Hii ni pombe." Wakarudi.

Mtani alipotuletea habari hiyo hakucheka, lakini pia hakuelewa. Alisema tu, "Dresa naye kasema pombe," akaondoka bila kufunua chungu.

Kesho yake nilimngoja kwenye njia ya uwanjani. Alikuja na mfuko wa fimbo begani.

"Mtani."

"Sema, mchumba. Leo umepata ulimi?"

"Baba alitokwa na uvimbe nyuma ya sikio. Mwezi wa kumi na moja."

"Uvimbe gani?"

"Mgumu. Haukuwa na usaha."

Akatua mfuko chini. Watu wote wa kule wanajua kwamba malale huanza na uvimbe huo. "Siku ile ninaomba kipande, wewe ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

Nilingoja anipige. Hakunipiga. Alikaa pale pale njiani, kwenye vumbi, akafunika uso. "Na mimi nilikuwa namtangazia pombe," akasema. "Mpaka kwa wazungu nimemtangazia pombe."

Aliuacha mfuko wa Bwana Taulo pale chini nikaulinda mimi, akaenda moja kwa moja kwa dresa kukiri kwamba damu ile ilikuwa yake. Dresa alimtukana mbele za watu, akamwambia angeweza kumfunga. Baadaye akapoa. Akasema mgonjwa aletwe stesheni kesho, garimoshi la saa sita, apelekwe hospitali kubwa huko njia ya reli. Akasema siku hizi kuna sindano nyingine, wengi hawapotezi macho, ila huyu amechelewa, ugonjwa umekwisha kuingia kichwani, na dawa ya kichwani ni kali. Tungesema mwezi wa pili, alisema, ingekuwa jambo jepesi.

Mtani alikuja kwetu alasiri ile. Alipiga hodi. Mama aliacha kupepeta akamtazama, maana hatukuwahi kusikia hodi yake.

Baba alikuwa amejilaza kwenye mkeka. Mtani akachuchumaa karibu naye. "Thadei," akasema. "Habari za leo."

Baba akafumbua macho. Siku zile akili yake ilikuja na kwenda, na saa hiyo ilikuwa imekuja. "Mama Verdiana," akamwita mama kwa jina langu, "huyu mtu ananiita kwa jina. Nimekwisha kufa?"

Mtani alijaribu kucheka, kikatoka kikohozi. Akamweleza yote. Kwamba mimi nimesema, kwamba yeye amekiri, kwamba kesho ni safari. "Athuman wa dukani ananiazima baiskeli. Nitakupakia mpaka stesheni."

"Watanichoma."

"Watakuchoma."

"Na macho?"

"Kuna sindano mpya. Dresa amesema siku hizi macho hayapotei."

"Dresa alisema pia damu yangu safi," baba akasema.

 Mtani aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanamtikisika. Baba akanyoosha mkono wake unaotetemeka, akampapasa kisogoni kama anavyopapaswa mtoto. "Basi, basi. Kesho. Si umesema kesho?"

"Saa tano nitakuwa hapa."

"Sawa."

Mama alifunga blanketi na shati. Alizungumza sana jioni ile, kuhusu mtu wa Kasansa aliyechomwa akapona na sasa analima. Baba alimsikiliza. Mimi aliniambia jambo moja tu, "Hukukosa, mama," na sikujua kama ana maana ya kunyamaza kwangu au kusema kwangu.

Asubuhi mama alikwenda kwa jirani kuomba mayai ya kuchemsha kwa ajili ya njia. Nilibaki natwanga. Baba aliamka akanawa uso mwenyewe. Akala viazi viwili amesimama. Alikaa kidogo kizingitini akatazama: kuku, kinu, mimi, moshi wa jiko la jirani. Alitazama kila kitu muda mrefu, kama anayekisoma. Ilikuwa saa nne, jua limekwisha kuwa kali.

"Naenda kujisaidia," akasema.

Choo kilikuwa nyuma ya nyumba. Nikamwona anakipita. Alishika kijia cha uwanjani, kichwa wazi, mikono mitupu. Majuma yale yote alikuwa akitembea kama kuku aliyepigwa, mara kulia mara kushoto, na kila alipotoka nilimkimbilia nikamrudisha. Siku ile hakuyumba. Mguu ulikwenda ulipotumwa. Ndiyo maana mchi ulinisimama mkononi. Nilijua mgonjwa anavyopotea, na huyu hakuwa amepotea.

Wazungu walikuwa wamekwisha kurudi, uwanja ulikuwa mtupu. Aliukata katikati, akapita penye mchanga wa oili, akavuka ufyeko wa mwisho. Hakugeuka nyuma. Sikumwita. Kwenye ukingo wa miti alisimama kidogo, akasogeza tawi kwa mkono, akaingia.

Baba hakurudi wakati Mtani alipofika na baiskeli, wala saa sita garimoshi lilipopiga honi, wala siku zile tatu ambazo Mtani na watu wa serikali wa kuua mbung'o walipita porini wakiita jina lake.